Mashine Inalia Kila Mahali

Juni 16, Jumapili

Enock ameondoka na basi la alfajiri, amerudi Chunya. Dhahabu haijampenda mwanangu, lakini yeye hajaacha kuipenda. Ameniachia mfuko mrefu wa turubai wenye detekta ndani, mashine ya kutafutia madini ardhini: fimbo ya bomba, sahani nyeusi mwishoni, kisanduku chenye kioo na vidude vya kuvaa masikioni.

"Nitunzie hii mama," alisema. "Ni ya zamani. Wenzangu wana mpya."

Daktari alishanishauri nitembee kila siku kwa ajili ya presha. Tatizo ni kwamba hapa Pito mwalimu mstaafu akitembea bila jembe wala kikapu, watu humwuliza amepotelewa na nini. Nikitembea na mashine nitakuwa na jibu.

Juni 17, Jumatatu

Nimejaribu uani. Kijitabu cha maelekezo kina Kichina na Kiingereza cha Kichina, lakini miaka thelathini na mitatu ya kusahihisha madaftari imenifundisha kusoma chochote. Unatembea polepole, unapitisha sahani karibu na ardhi bila kuigusa, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayefyeka. Chuma kinatoa mlio mnene. Shaba na sarafu zinatoa mlio mwembamba.

Nimepata vizibo vitatu vya soda, misumari, kijiko cha mtoto, na senti tano ya zamani yenye samaki. Ile senti ilinifanya nicheke peke yangu, nikaipangusa kwa kanga. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka nikiwa peke yangu nyumbani humu.

Juni 19, Jumatano

Vizibo kumi na kimoja. Waliojenga nyumba hii walikuwa wanywaji.

Juni 23, Jumapili

Tumetoka misa ya kwanza. Nimekaa na chai mpaka ikapoa. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe, nitaandika.

Mwaka 1988 nilizaa mtoto wa kike, mzaliwa wangu wa kwanza, miaka mingi kabla ya Enock. Tulimwita Hellena. Aliishi siku kumi na moja. Sista mkunga alimbatiza na kumfungia kwenye shuka medali ndogo ya shaba ya Bikira Maria, kwa pini. Mimi nilikuwa nimeikwaruza herufi H kwa sindano nyuma yake, maana medali zilikuwa nyingi pale zahanati na niliogopa ya mwanangu isichanganywe na za wengine. Akazikwa na medali yake shambani kwa baba mkwe, kule Mollo, upande wa bondeni walikozikwa vichanga wa ukoo. Enzi hizo mama wa kichanga hakwenda kuzika. Wazee walisema akienda tumbo litafunga. Nilibaki ndani na maziwa yananidondoka, wakaenda shangazi wawili na shemeji yangu Modesti aliyechimba. Shangazi wote wawili wameshafariki. Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa waliumaliza kabla sijapata ujasiri wa kwenda kuuona.

Mume wangu Benjamini alipougua, mwaka wa tatu sasa, aliniomba kitu kimoja. "Ukinizika, niletee udongo wa Hellena. Hata kiganja kimoja. Uuweke juu yangu." Nilimwitikia. Tumemzika makaburi ya parokia, na udongo sikupeleka, kwa sababu sijui niuchote wapi.

Sasa nina mashine inayosikia shaba. Siku ya Marehemu Wote ni Novemba mbili. Mvua nazo huanza wakati huohuo, na mvua zikianza watu wanalima.

Juni 24, Jumatatu

Shamba lenyewe si letu tena. Modesti aliliuza miaka tisa iliyopita kwa Bundala, mfugaji aliyehamia na familia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Kwenye karatasi ya mauzo kuna sahihi yangu, shahidi wa pili. Modesti alisema kipande kinachouzwa ni cha juu, cha bondeni kinabaki. Niliweka sahihi mezani, kwenye kivuli, bila kwenda kukanyaga mipaka. Mtu niliyewafokea watoto wa watu kwa kujibu swali bila kulisoma.

Juni 29, Jumamosi

Nimekwenda kwa Modesti. Nilimwamkia, nikamweleza. Aliangalia mikono yake muda mrefu.

"Shemeji, mbona ni rahisi," akasema. "Mimi ndiye niliyechimba. Ni pale kwenye kichuguu kikubwa, hatua saba kuelekea jua linapozama."

Nilishukuru mpaka nikaona aibu. Nikamwomba aniombee ruhusa kwa Bundala na aseme ni mazoezi ya daktari. Sikutaka kumwambia yule mtu kwamba anakula mahindi yaliyoota juu ya mwanangu, na kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi. Isitoshe, na wale wafugaji tunasalimiana tu njiani. Wana mambo yao.

Julai 2, Jumanne

Upepo, na baridi ya kukata masikio. Sikutoka.

Julai 3, Jumatano

Bundala amekubali. Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wake wanamaliza mabua.

Julai 10, Jumatano

Siku ya kwanza shambani Mollo. Nilivaa sweta mbili, nikawasha mashine penye kichuguu, ikalia. Nikasogea hatua moja, ikalia. Nikasogea hatua kumi, ikalia. Nilidhani imeharibika, nikaizima na kuiwasha tena. Ikalia.

Nikachimba kidogo kwa mwiko wa fundi niliokuja nao. Nikatoa bonge jeusi, zito, lenye matundu. Nikachimba pengine, bonge jingine. Ndipo nikainua macho nikaliona ilungu, kama vile nilikuwa sijaliona siku zote: tanuri la udongo la mababu, refu kupita mtu, limebomoka upande mmoja, pale mwisho wa shamba. Hapa ndipo walipoyeyusha chuma, na makapi yake wakayatupa bondeni kizazi baada ya kizazi. Mavi ya chuma, ndivyo tunavyoyaita. Nimefundisha jambo hilo darasa la tano kila mwaka. Ufipa nchi ya wahunzi. Tulikuwa tunaimba kwa fahari.

Enock ameniwekea kwenye simu video za Mzungu anayetafuta pete ufukweni. Anapunga, kimya, anapunga, kimya, kisha mlio mmoja na anapiga goti. Yule bwana hajawahi kufika Ufipa.

Julai 11, Alhamisi

Inalia.

Julai 13, Jumamosi

Inalia. Nimempigia Enock. Anasema kuna kitufe cha kuikataza mashine isisikie chuma, isikie shaba tu.

Julai 20, Jumamosi

Kitufe kinafanya kazi nusunusu. Ardhi ikijaa chuma, mashine inanyamazia chuma, lakini na shaba iliyolala chini yake inaipita vilevile. Dawa ni kwenda polepole sana. Nimegawa shamba kwa kamba na vijiti, mistari ya hatua mbili, kama nilivyokuwa nagawa bustani ya shule. Mistari themanini na minne. Kwa siku naweza mmoja, mgongo ukikubali miwili.

Najua sasa kutofautisha mlio wa kizibo na wa ganda la betri. Wembe unatoa sauti ya kinafiki, unaanza mwembamba halafu unanenepa. Ningekuwa natafuta kitu kingine ningesema napenda kazi hii.

Agosti 3, Jumamosi

Mistari kumi na minane. Hatua saba kutoka kwenye kichuguu hakuna kitu. Nimekwenda na hatua ishirini. Hakuna.

Agosti 4, Jumapili

Nimemrudia Modesti baada ya misa. "Kichuguu? Hapana shemeji, hukunielewa. Nilisema mkaratusi. Ule uliokatwa, shina lake lipo." Alisema kwa uhakika uleule wa mwezi wa sita.

Agosti 15, Alhamisi

Kupalizwa Bikira Maria. Nilikwenda misa, halafu shambani. Shina la mkaratusi limezungukwa na chuma tupu. Minza, mke wa Bundala, alipita na ndoo ya maji. "Habari za mazoezi, mwalimu?" Nikamjibu nzuri. Alisimama kidogo kama mtu mwenye neno, nikavaa vidude vyangu masikioni, akaenda zake.

Agosti 27, Jumanne

Mistari thelathini na tisa. Nimepata mkufu uliokatika. Niliketi chini kwenye majivu ya mabua. Ni wa dukani, wa juzijuzi, una kopa la plastiki.

Septemba 5, Alhamisi

Wameanza kusema. Bertila, mwenzangu wa jumuiya, kaniuliza bila aibu: "Mwalimu, hizo rupia walizofukia Wajerumani umeshazigusa au bado unazisikia tu?" Nikamwambia ni presha. Akacheka mpaka machozi. "Presha gani inatembea na umeme?"

Kwenye jumuiya wamenitania wote. Sikukasirika. Ningekuwa wao ningetania zaidi.

Septemba 6, Ijumaa

Shambani nimekuta mashimo mawili ambayo si yangu.

Septemba 14, Jumamosi

Mashimo tisa. Wananifuata nyuma. Nikisimama mahali muda mrefu kupangusa miwani, kesho yake pamechimbwa. Mimi nafukia vijishimo vyangu vyote kwa mguu, wao hawafukii.

Septemba 21, Jumamosi

Modesti safari hii kasema ni karibu na ilungu. Nikamwambia, "Shemeji, hukumbuki."

Halafu akasema bila kuniangalia, "Nilichimba mvua inanyesha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nataka kumaliza niende. Na nilipouza, yule mnunuzi alitaka bondeni, alisema juu hakuna maji. Ningemwambia kuna makaburi, asingechukua."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilimchukia mpaka daraja la Pito. Baada ya daraja nikaikumbuka sahihi yangu, chuki ikakosa pa kusimama. Anaonyesha kwa kidole kila mwezi mahali papya kwa sababu hawezi kusema hajui. Mimi napunga sahani kwa sababu hiyohiyo.

Oktoba 3, Alhamisi

Joto. Mistari sitini na sita. Wameunguza nyasi bondeni, moshi hadi kooni.

Oktoba 8, Jumanne

Hakuna.

Oktoba 9, Jumatano

Hakuna.

Oktoba 12, Jumamosi

Dume la ng'ombe la kulimia la Bundala limetumbukia kwenye shimo mojawapo shambani, mguu wa mbele umevunjika. Nilifika wakiwa wameshalichinja. Bundala alikuwa amekaa juu ya nira, ameshika kamba ya yule mwenzake aliyebaki. Nilimpa pole. Alisema, "Asante, mwalimu." Basi. Angenitukana ningejua la kujibu.

Nilirudi nyumbani nikaulaza mfuko wa turubai uvunguni.

Oktoba 15, Jumanne

Leo nimeitwa ofisi ya mtaa, kulekule Mollo. Tulikuwa mwenyekiti, Modesti, Bundala na mkewe Minza, na mimi. Nyuma dirishani watu walijaa, maana walijua leo rupia zitatajwa.

Mwenyekiti nilimfundisha kusoma. Aliniamkia kwanza, ndipo akanishtaki. "Mwalimu, sheria ya madini inataka kibali. Na mali ya kale ni ya serikali. Na sasa ng'ombe wa mtu amekufa. Tuambie basi, unatafuta nini kwenye shamba la huyu bwana?"

Nikaanza kusema presha. Nilimwona Bundala ameshika kofia kwa mikono miwili, anasubiri kama mtoto wa mwisho kuitwa matokeo. Nikasema yote. Hellena, siku kumi na moja, pini, medali, herufi H, sahihi. Sikulia, sauti ilikuwa ile ya darasani. Dirishani watu walipungua mmojammoja.

Modesti alikuwa ameinama. Bundala ndiye aliyeuliza, taratibu, "Kwa hiyo tumekuwa tunalima juu ya makaburi?"

"Ndiyo," nikasema. "Na hamkuambiwa. Mimi nilikuwa shahidi."

Minza akainuka bila kuomba ruhusa, akatoka. Nilijua kakasirika, na nikaona ana haki. Mwenyekiti akaendelea kuzungumza, sijui alisema nini. Baada ya muda Minza akarudi anahema, ameshika kopo la maziwa ya unga lililoota kutu. Akalimimina juu ya meza ya mwenyekiti.

Vipande vya majembe. Ganda la risasi. Kijiko. Kufuli lisilo na ufunguo. Mabonge ya mavi ya chuma. Na katikati, imekuwa nyeusi, ndogo kuliko nilivyoikumbuka, medali. Niligeuza nyuma. Miwani ilikuwa na ukungu, ikabidi nipapase kwa ukucha. H.

"Mayu," Minza alisema, alinipa jina la kwao la mama, "hii ilitoka kwenye plau mwaka wa kwanza tuliolima. Ilikuwa na pini, pini ikakatika. Mzee Bundala ana kawaida yake, shamba la kununua, chuma chochote kikitoka hatutupi. Anasema mwenyewe atakuja kuulizia. Mimi nikawa naweka humu."

"Ilitoka wapi?" nikauliza. "Upande gani?"

Wakatazamana, mume na mke. Bundala akatikisa kichwa. "Mwalimu, ni miaka tisa. Tulilima siku nne. Tuliiona jioni imenasa kwenye ulimi wa plau na majani. Inaweza ikawa imeburutwa tangu asubuhi."

Nikamwuliza Minza kwa nini hakuniambia, miezi mitatu ananiona napita na kurudi.

"Hukuuliza, mayu. Siku moja nilitaka nikuulize mimi, ukaziba masikio. Tulisikia ni dhahabu. Hii si dhahabu."

Oktoba 16, Jumatano

Mistari sabini na miwili, nimepiga hesabu. Yote nikitafuta kitu kilichokuwa kwenye kopo, kwenye nyumba ninayoisalimia kila siku bila kusimama. Shamba lile halikuwa na shaba ya Hellena tangu mwaka 2015. Mashine haikukosea hata siku moja.

Nimeiosha medali kwa ndimu. Nimeiweka mbele yangu mezani. Nilidhani nikiipata nitajua yuko wapi. Sasa najua tu kwamba hayuko ilipo medali.

Oktoba 22, Jumanne

Sikutoka. Bertila kaleta uji wa ulezi. Hakutania.

Novemba 2, Jumamosi

Siku ya Marehemu Wote. Padre alibariki makaburi, watu wakawasha mishumaa, upepo ukaizima, wakaiwasha tena. Nilichimba kidogo kichwani pa Benjamini kwa ule mwiko wa fundi, nikaweka medali, nikafukia. Udongo wa Hellena sikuleta. Modesti alikuja na mfuko mdogo wa nailoni wenye udongo mwekundu. Akasema, "Chukua shemeji, nimeuchota kule, huwezi jua." Nilimwangalia, mzee wa watu, magoti yana vumbi. Nikamwambia kwamba Benjamini aliomba udongo wa mtoto wake, hakuomba udongo wowote tu. Alikwenda kuumwaga nje ya ukuta. Huenda nilimwonea, lakini sikuweza kumdanganya marehemu.

Novemba 9, Jumamosi

Mawingu upande wa Muze, kule chini bonde la Rukwa. Hayajapanda.

Novemba 16, Jumamosi

Mvua ya kwanza, usiku kucha. Asubuhi harufu ya ardhi imeingia hadi jikoni.

Enock kapiga simu, kauliza kama mashine imepata kitu. Nikamwambia aje aichukue.

Novemba 21, Alhamisi

Minza alikuja mwenyewe hadi Pito kunichukua, kwa miguu. Alisema mzee Bundala hawezi kuanza kabla sijafika. Jembe la ng'ombe halifanyi kazi tena na dume moja, kwa hiyo wamekodi trekta, na trekta linazama chini kuliko plau.

Nilikuta trekta linanguruma penye njia, dereva anavuta sigara. Bundala alikuwa na vigingi sita vipya alivyochonga, amevikumbatia. Alinisalimia, halafu akasema:

"Mwalimu, tumeongea na mama watoto. Wewe tuonyeshe, hapo tutapaacha. Hata pawe pakubwa. Hatutapagusa, wala ng'ombe hawatapita. Nimechonga vigingi."

Niliangaza macho. Shamba lilikuwa limelowa, jeusi, kote sawa. Kichuguu kile. Shina la mkaratusi. Ilungu. Nikanyoosha mkono kuelekea bondeni, na Bundala akaanza kwenda na vigingi vyake, mtu mzima na umri wake, anakwepa madimbwi, anageuka kuniangalia kama ni hapo au mbele zaidi. Modesti angesema hapo. Lilikuwa neno moja tu, na nyumba nzima ya watu wale ingeliheshimu mpaka wajukuu wao. Wangepazungushia ua mahali ambapo pengine hapajawahi kulala mtu, na pengine matairi yangepita juu ya Hellena hatua tatu pembeni.

Niliushusha mkono. Nikamwita arudi.

"Sijui ni wapi," nikamwambia. "Lima yote."

Hakubisha. Alivilaza vigingi chini ya uzio, vimepangwa vizuri, akampungia dereva. Minza alisimama pembeni yangu, kanga yake juu ya kichwa changu na chake, maana ilianza kunyesha. Trekta lilianzia juu, likashuka bondeni, likapanda. Walimaliza saa nane mchana.